Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari,
kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka.
Ajenda namba tatu: daraja la Nkwarini.
Mhandisi aliyepanda kutoka Moshi mjini
akakunjua ramani juu ya dawati la darasa la pili,
akaishikiza pembe kwa vipande vya chaki.

Sisi huku ni kisiwa, wale kule ni kisiwa,
ila maji yetu yako chini mno,
huyaoni, unayasikia tu usiku mvua zikikolea.
Sauti inavuka kwa pumzi moja:
mtoto wa kule akichapwa, wa huku anashika makalio.
Miguu inavuka kwa saa moja na nusu.
Aprili haivuki.

Padri alipanda mgongo ule, mchungaji akapanda huu,
tukagawanywa na korongo
kama ng'ombe wa urithi,
na hadi leo kila Jumapili kengele mbili
zinagombana hewani juu ya migomba.

Akasimama Mzee Aminieli wa baraza la kanisa,
kofia kifuani:
"Kule wakitoka misa wanaingia kwenye mbege.
Wekeni daraja muone: vijana wetu
wataondoka na Zaburi, watarudi na kata."
Nikaandika: Mjumbe alihofia maadili.

Akasimama katekista Apolinari, mgeni wa ng'ambo,
viatu mkononi, tope hadi magotini:
"Pale nguzo itakaposimama
ndipo tunapopitisha msalaba Ijumaa Kuu.
Njia ya Msalaba haina njia ya mkato."
Nikaandika: Mjumbe aliomba njia ibaki ilivyo.

Watu wakapiga makofi, huku na kule.
Tangu matofali yao yachomwe,
makanisa yale mawili hayakuwahi kukubaliana jambo.

Mhandisi akauliza,
nguzo ya kati akiisogeza hatua ishirini?
Kimya.
Thelathini?
Mtu akakohoa.

Hapo kalamu yangu ilisimama.
Maana najua kilichopo pale katikati:
vyungu, chini ya masale,
na ndani ya vyungu mafuvu ya waliotuzaa
kabla hatujapewa majina ya ubatizo.
Najua pia kwamba Alhamisi moja
nilishuka kukatia ng'ombe majani
nikamkuta Aminieli amepiga goti
anamimina pombe asiyokunywa,
na kando ya jiwe Apolinari anasubiri zamu,
rozari imemtokeza mfukoni.
Hawakusemeshana.
Walipokezana kata.

Mwishoni kabisa, watu wakitafuta kofia zao,
Aikande alinyoosha mkono.
"Mwanangu alikuwa anakwenda zahanati ya kule.
Maji hayakumuuliza anasali wapi."
Akakaa.
Hilo niliandika neno kwa neno,
halafu mwenyekiti, kwa upole,
akaniambia nilifute, halikuwa kwenye ajenda.
Nikalipiga mstari mmoja tu, mwembamba,
anayetaka kusoma atasoma.

Azimio: Wajumbe wameomba muda.
Muda wa nini, sikuandika.

Jana nimeshuka tena.
Kigingi cha wapimaji bado kipo,
utepe wake mwekundu umeanza kupauka.
Mtu amekifunga jani la sale, bado bichi,
kama afanyavyo mkosaji anayekwenda kuomba radhi.
Sijui anamwomba nani,
waliomo vyunguni
au yule aliyechukuliwa na mto akiwa na daftari lake la kliniki.

Nililitazama fundo.
Limekazwa mara mbili, likarudishwa chini,
fundo la mkono uliozoea kamba ya kengele.
Nikapanda na mzigo wangu wa majani.
Kengele ziko mbili.